Alan Cobham: Rubani aliyepasua anga ya kusini kwa injini isiyohitaji maji

KABLA reli ya TAZARA haijapita Tunduma, na kabla malori hayajaanza kupanga foleni kwenye mpaka wa Tanzania na Zambia, barua iliyotoka Ulaya kuja katika nyanda hizi ilisafiri kwa meli, kisha kwa treni, na mwisho juu ya vichwa vya wapagazi. Ilihesabiwa kwa wiki, si kwa siku.

Mwanzoni mwa mwaka 1926, ndege moja ndogo iliruka kutoka Tabora, ikaelekea kusini na kutua Abercorn, mji ambao leo unaitwa Mbala, ng'ambo ya mpaka, magharibi ya Tunduma. Ndani yake walikuwamo watu watatu: rubani, fundi mitambo na mpiga picha za sinema. Walikuwa safarini kutoka London kwenda Cape Town, na walikuwa hawajabeba hata kopo moja la maji kwa ajili ya injini yao.

Jambo hilo dogo ndilo lililobeba uzito wote wa safari. Rubani huyo, Alan John Cobham, hakuwa mtu wa kwanza kuruka kutoka Uingereza hadi ncha ya kusini ya Afrika. Alikuwa wa kwanza kufanya hivyo kwenda na kurudi kwa ndege ile ile, na kuonyesha kwamba safari kama hiyo inaweza kuwekewa ratiba.

Kutoka biashara ya nguo hadi angani

Cobham alizaliwa London Mei 6, 1894, katika familia isiyo na utajiri wala jina. Baada ya shule aliingia katika biashara ya nguo, akaonja pia kazi ya shamba. Hakuna lililoashiria kuwa siku moja angekuwa rubani.

Vita Kuu ya Kwanza ilipozuka mwaka 1914, alijiunga na kikosi cha tiba ya wanyama cha jeshi la Uingereza na kupelekwa Ufaransa. Kazi yake ilikuwa kuhudumia farasi waliojeruhiwa vitani. Miaka mitatu ya kazi hiyo ilimfundisha kwamba chombo cha usafiri, kiwe na damu au kiwe na petroli, hutegemea mtu anayekitunza kila jioni.

Mwaka 1917 alihamia kikosi cha anga, akajifunza kuruka na kuwa mwalimu wa marubani. Vita vilipokwisha, marubani walikuwa wengi na kazi zilikuwa chache. Mwaka 1919 Cobham na wenzake walinunua ndege iliyotumika jeshini, wakazunguka miji ya Uingereza wakiwapandisha watu kwa malipo kwa dakika chache. Wengi wa abiria hao walikuwa hawajawahi kuiona ndege kwa karibu.

Mwaka 1921 aliajiriwa katika kitengo cha ndege za kukodi cha kampuni ya de Havilland. Mwaka uliofuata alimwoa Gladys Lloyd, mwigizaji wa jukwaani. Kati ya Novemba 1924 na Machi 1925 alimrusha Sir Sefton Brancker, mkurugenzi wa usafiri wa anga wa kiraia wa Uingereza, hadi Rangoon na kurudi. Fundi wake katika safari hiyo alikuwa Arthur Elliott.

Ndege waliyotumia, de Havilland DH.50, ilikuwa na injini ya Puma, iliyopozwa kwa maji. Iliwafikisha na kuwarudisha. Hata hivyo, kwa safari ya Afrika, Cobham alitaka injini ya namna nyingine.

Rejeta zilizokwamisha wengine

Sababu yake ilikuwa imeandikwa ardhini. Mwaka 1919 serikali ya Uingereza ilituma timu za wapimaji kuandaa viwanja vya kutua kutoka Cairo hadi Cape. Vibarua Waafrika walikata miti, wakang'oa visiki na kubomoa vichuguu kwa majembe. Njia yote iliyofuata ya kwenda kusini ilijengwa juu ya jasho hilo, ingawa majina yao hayakuandikwa kama yalivyoandikwa ya marubani.

Februari 4, 1920, Pierre van Ryneveld na Quintin Brand waliondoka Uingereza kwa ndege aina ya Vickers Vimy waliyoiita Silver Queen. Injini zake zilipozwa kwa maji. Usiku mmoja, kusini mwa Misri, rejeta ilivuja, wakalazimika kutua gizani huko Korosko na ndege ikavunjika. Walipewa nyingine, nayo ikaangukia Bulawayo. Walifika Cape Town Machi 20, 1920, wakiwa katika ndege ya tatu.

Vimy nyingine, iliyodhaminiwa na gazeti la The Times la London, iliishia Tabora Februari 27 mwaka huo huo. Injini ilishindwa wakati ndege inaruka, ikaanguka, na safari ikafia hapo.

Kupoza injini kwa maji kuna mantiki yake, na magari mengi ya leo bado yanafanya hivyo. Tatizo ni mazingira. Mpira wa bomba hupasuka, kiungo cha rejeta hulegea kwa mtetemo, na maji safi hayapatikani kila mahali. Tena, maji huchemka kwa joto dogo zaidi kadiri mtu anavyopanda juu. Kwenye mwinuko wa mita 1,700, kama ule wa Mbeya mjini, huchemka kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100. Wapishi wa Mbeya na Mbozi wanaojua kuwa maharage hukawia kuiva wanalifahamu jambo hili kuliko wahandisi wengi wa London wa enzi hizo.

Injini aliyoichagua Cobham iliitwa Jaguar, na ilitengenezwa na kampuni ya Armstrong Siddeley. Ilikuwa na silinda 14, zilizopangwa kuzunguka kiini kimoja mithili ya njiti za gurudumu la baiskeli, safu mbili za silinda saba saba. Kila silinda ilizungushiwa mapezi membamba ya chuma. Upepo uliovuma toka mbele ndege ikiwa angani ulipita katikati ya mapezi hayo na kuondoa joto.

Hapakuwa na rejeta, pampu ya maji wala mabomba ya mpira. Uzito uliookolewa ungeweza kuwa wa petroli au mizigo. Injini ya aina hiyo ilikuwa na kasoro zake: uso wake mpana ulizuia upepo, na silinda za safu ya nyuma zilikuwa ngumu kupoza kuliko za mbele. Lakini kwa rubani mwenye kutua kwenye vumbi, mbali na karakana, kila kifaa kisichokuwapo kilikuwa kifaa kisichoweza kuharibika.

Safari ya Cape

Novemba 16, 1925, Cobham, Elliott na mpiga picha B. W. G. Emmott waliondoka London. Mfadhili wao mkuu alikuwa Sir Charles Wakefield, mfanyabiashara wa mafuta ya kulainishia mitambo. Injini yao ya Jaguar ilikuwa na nguvu za farasi 385.

Cobham alikaa kwenye kiti cha wazi nyuma ya chumba cha abiria, akipigwa na jua na mvua. Elliott na Emmott walikaa ndani, wamebanwa na vipuri na mikanda ya sinema. Kazi ya Cobham ilikwisha magurudumu yalipogusa ardhi. Ya Elliott ndipo ilipoanza. Fundi huyo aliipitia injini silinda baada ya silinda kabla ya kuiruhusu iruke tena.

Hawakukimbilia rekodi. Walisimama, wakapima viwanja, wakazungumza na maofisa, wakapiga picha. Walifuata mto Nile hadi Khartoum, wakaingia Jinja na Kisumu, wakavuka Tanganyika kupitia Tabora, kisha Abercorn, Ndola, Broken Hill, Livingstone na Bulawayo.

Abercorn haikuwa jina geni kwa watu wa upande huu. Miaka michache tu nyuma, Novemba 25, 1918, Jenerali Paul von Lettow-Vorbeck alisalimisha hapo majeshi ya Ujerumani ya Afrika Mashariki. Nyanda zilizokuwa zimenyang'anywa vijana wake kubebeshwa mizigo ya vita sasa zilikuwa zikipimwa kwa ajili ya mizigo ya posta.

Februari 17, 1926, ndege ilitua Cape Town. Siku tisa baadaye, Februari 26, Cobham aligeuza, akiondoka siku moja na meli ya abiria iitwayo Windsor Castle. Sasa alikuwa na haraka. Alitua Croydon, London, Machi 13, akiitangulia meli hiyo kwa siku mbili, akiwa na ndege ile ile aliyoondoka nayo.

Picha za Emmott zikawa filamu, With Cobham to the Cape. Watu waliokuwa wakiidhania Afrika kuwa ni nchi isiyopitika waliiona kwenye kumbi za sinema ikipita chini ya mabawa, uwanja baada ya uwanja.

Risasi juu ya mabwawa

Furaha hiyo haikudumu. Juni 30, 1926, Cobham na Elliott waliondoka tena kwa ndege ile ile, safari hii ikiwa imefungwa maboya badala ya magurudumu ili itue majini. Walikuwa wakielekea Australia.

Mwezi Julai, kati ya Baghdad na Basra, dhoruba ya mchanga iliwalazimisha kuruka chini sana juu ya mabwawa. Mlio mkubwa ulisikika. Cobham alidhani kuna kitu kimepasuka ndani ya chumba. Kumbe mtu aliyekuwa ardhini alikuwa amefyatua bunduki, na risasi ilikata bomba la petroli na kumpiga Elliott mkononi na kifuani.

Cobham hakuweza kuiacha usukani kumsaidia. Alichoweza kufanya ni kuruka kwa kasi yote kwenda Basra. Elliott alifikishwa hospitalini akiwa hai, lakini hakupona.

Kwa siku kadhaa Cobham alikuwa tayari kuiacha safari. Mtu aliyeihudumia injini kutoka London hadi Rangoon, na kutoka London hadi Cape, alikuwa amekufa, na aliyekufa hakuwa rubani ambaye jina lake lilijaza magazeti. Ujumbe wa kumtia moyo kutoka nyumbani ndio uliomfanya aendelee. Jeshi la anga la Uingereza lilimpa Sajini Ward achukue nafasi ya fundi.

Walifika Melbourne Agosti 1926. Oktoba 1 mwaka huo, mbele ya umati mkubwa, Cobham aliishusha ndege juu ya mto Thames, mkabala na Bunge la Uingereza. Mfalme alimpa heshima na kuanzia hapo akaitwa Sir Alan.

Aliyefungua njia akabaki nje

Kati ya Novemba 1927 na katikati ya 1928, Sir Alan na mkewe walilizunguka bara la Afrika kwa ndege kubwa ya majini aina ya Short Singapore. Injini zake zilikuwa za kupozwa kwa maji, jambo linaloonyesha kuwa mashindano kati ya aina hizo mbili yalikuwa hayajaisha. Lengo lilikuwa kutafuta njia ya kudumu ya abiria na barua.

Akishirikiana na kampuni ya Blackburn, Cobham alizishawishi serikali za makoloni zichangie gharama. Lakini Imperial Airways, shirika lililobebwa na serikali ya London, liliitaka njia hiyo. Mwishowe makubaliano yaliwaweka Cobham na wenzake pembeni kwa malipo. Mtu aliyelipima anga hilo hakuwa mmiliki wa hata tiketi moja iliyouzwa humo.

Februari 28, 1931, Imperial Airways ilianza safari za kila wiki kutoka London hadi Mwanza. Januari 20, 1932, njia ilirefushwa hadi Cape Town. Kutoka Nairobi ndege zilipita Moshi, Dodoma na Mbeya, kisha zikaruka kwenda Mpika na Broken Hill, katika Zambia ya leo.

Mstari ulionyooka kutoka Mbeya hadi Mpika unapita juu ya ardhi ambayo tangu mwaka 2016 ni Mkoa wa Songwe, juu ya vilima vya Mbozi na Ileje. Mbeya ilikuwa mji mchanga, uliokua kwa dhahabu ya Lupa huko Chunya. Ghafla ikawa kituo kwenye barabara ya anga ya siku 11 kati ya London na Cape Town.

Ndege zilizotua hapo zilithibitisha chaguo la Cobham. De Havilland Hercules ilikuwa na injini tatu za Bristol Jupiter, kila moja ikiwa na silinda tisa zilizopangwa kwa duara. Kuanzia mwaka 1933 zikaja Atalanta za kampuni ya Armstrong Whitworth, zenye injini nne aina ya Serval, zilizobuniwa ili ndege iendelee kuruka hata injini moja ikizimika. Zote zilipozwa kwa upepo. Kaskazini zaidi, Argosy zilizoruka kati ya Cairo na Khartoum zilitumia Jaguar, ndugu wa ile iliyovuka Tabora mwaka 1926.

Huduma hiyo haikuwa ya wananchi wa kawaida. Ilibeba maofisa, wafanyabiashara na barua za walowezi. Mkulima wa Mbozi aliisikia tu ikinguruma juu yake. Lakini ilikuwa mara ya kwanza kwa nyanda hizi kuwekwa kwenye ratiba ya dunia, zikiwa na siku na saa ya kufika.

Haikuwa ya kudumu. Mwaka 1937 Imperial Airways ilileta ndege kubwa za majini zenye injini za Bristol Pegasus, nazo zikipozwa kwa upepo, na njia kuu ikahamia mwambao kupitia Mombasa, Dar es Salaam na Lindi hadi Durban. Ndege za majini zilihitaji maji ya kutulia, na Mbeya haikuwa nayo. Nyanda ambazo zilinufaika na injini isiyohitaji maji ziliachwa na ndege isiyoweza kutua bila maji.

Petroli angani

Wakati huo Cobham alikuwa na mambo mengine. Mwaka 1931 alirudi Afrika kwa ndege ya Short Valetta, yenye injini tatu za Jupiter, kwenda kuchunguza Ziwa Kivu. Kati ya mwaka 1932 na 1935 alizunguka Uingereza na maonyesho ya ndege yaliyovuta maelfu ya watazamaji, akirudia kazi ya ujana wake ya kuwapandisha watu wa kawaida.

Kisha akashika tatizo lililokuwa limemsumbua tangu safari ya Cape: ndege hula nguvu nyingi kuruka ikiwa imejaa petroli, hasa kwenye miinuko yenye hewa nyepesi. Iwapo ingeruka nyepesi na kujazwa mafuta ikiwa tayari angani, ingeenda mbali zaidi. Mwaka 1934 alianzisha kampuni ya Flight Refuelling.

Septemba 1934, alijaribu kuruka hadi India bila kutua, akijazwa mafuta njiani. Hitilafu ya kifaa kidogo cha kudhibiti injini ilimlazimisha kutua Malta. Siku hiyo hiyo, ndege iliyokuwa imemjazia mafuta ilianguka Uingereza na wafanyakazi wake wakafa. Kwa mara ya pili, wenzake walilipa gharama ya wazo lake.

Hakuacha. Mwaka 1939 mitambo yake ilijaza mafuta ndege za majini za posta zilizovuka Atlantiki. Mwaka 1949 ndege ya Marekani iitwayo Lucky Lady II iliizunguka dunia bila kutua, ikitumia mfumo uliotoka kwenye kampuni yake. Mwaka huo huo kampuni hiyo ilionyesha mfumo mpya, wa bomba linaloburutwa nyuma likiwa na kikombe ambacho ndege nyingine huchomeka mrija wake. Mfumo huo unatumiwa na majeshi ya anga mengi hadi leo.

Sir Alan Cobham alifariki dunia Oktoba 21, 1973, akiwa na umri wa miaka 79. Kufikia hapo injini za jeti zilikuwa zimezisukuma zile za silinda za duara kwenye ndege ndogo na makumbusho.

Miaka miwili baadaye reli ya TAZARA ilikamilika na treni zikaanza kuvuka mpaka Tunduma. Desemba 2012, uwanja wa ndege wa Songwe ulianza kuhudumia abiria nje ya jiji la Mbeya, na safari ya Dar es Salaam ikawa ya muda mfupi kuliko filamu ya sinema.

Abiria anayepanda hapo leo hafikirii rejeta, wala hamfikirii fundi anayeikagua injini baada ya wote kushuka. Kutofikiria huko ndiko Cobham alikokitafuta alipoondoka Tabora mwaka 1926. Alitaka kuruka kuwe jambo la kawaida. Arthur Elliott, aliyelifanya liwezekane, hakuishi kuona likiwa hivyo.